Mgeni wa Mume Wangu

Mume wangu kazi yake ni kutembeza wageni. Kila siku anawapitisha kwenye mitaa ya kale nyuma ya soko, na Jumamosi anaongeza kisiwa: anawavusha kwa boti hadi kwenye mnara wa taa. Mimi ni dobi wa nyumbani, nafua na kupiga pasi nguo za watu, na shati lake jeupe ndilo la kwanza kila alfajiri. Yaani namnyoosha mimi, wanaofaidi wengine.

Akirudi jioni, kimya. Anatia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kufumba macho. Ukimuuliza habari za huko, anasema sauti imeishia kazini. Haya. Lakini kisiwani mimi sijawahi kukanyaga, na kila nikimkumbusha jibu ni lile lile: nitakupeleka, mama watoto, ngoja msimu wa wageni upite. Msimu unapita, unaanza mwingine.

Sasa wifi yangu, dada yake huyo bwana, mdomo wake hauna breki. Alikuja kuchukua nguo zake, akanionyesha picha kwenye simu, zile ofisi yao wanazoweka mtandaoni. Mume wangu huyo, meno yote nje, kamshika mkono mama mmoja wa kofia pana anamshusha kwenye boti. Wifi akasema kaka yake kapendeza. Nikaitikia kapendeza, huku pasi nusura iunguze suruali ya mtu. Roho iliniuma, sifichi. Mimi nikishuka ngazi na furushi la nguo hanishiki hata kiwiko.

Nikapiga moyo konde. Jumamosi ile, alipotoka tu, nilivaa gauni nililoshonesha kwa harusi ya mdogo wangu, nikatia miwani ya jua, nikaenda kulipa ofisini kwao kama watu wengine. Katibu hanijui. Akanielekeza gatini, ndipo wageni wanapokusanyika.

Mume wangu aliponiona katikati ya wageni, mdomo ulibaki wazi. Nikamkazia macho. Bosi wake alikuwa pale pale, basi akasema, "Karibu sana, mgeni wetu."

Nikawa mgeni. Kwenye mitaa ya kale alituonyesha nyumba ya ndugu wawili walionuniana mpaka mmoja akatoboa mlango wake peke yake. Nyumba hiyo naipita kila mara na furushi kichwani, wala hajawahi kunieleza. Kisiwani akanishika mkono, kiganja kizima, akaniambia nikanyage taratibu, jiwe linateleza. Juu ya mnara akauliza kama jua limenizidi, akanisogeza kivulini, akanifungulia chupa ya maji. Akasimulia habari za mke wa mlinzi wa taa, aliyekuwa akimwimbia mumewe asisinzie, na sauti aliyotumia ni ile aliyonijia nayo enzi zile akinichumbia nyumbani kwa shangazi. Nilifurahi mpaka nikaona uchungu. Yule mgeni nilimwonea kijicho, na yule mgeni ni mimi.

Jioni nilitangulia kufika, nikavua gauni, nikachemsha maji. Akaingia, akakaa, akatia miguu kwenye beseni. Nikasubiri.

"Ungeniambia," akasema mwishowe.

"Ningekuambia, ungenipeleka?"

Alifumba macho, akauliza kama shati la kesho liko tayari. Nikalipiga pasi, kola na mikono.

Jumatatu nikarudi ofisini kwao kulipia Jumamosi nyingine. Katibu alifurahi, akataka kujua kilichonivutia zaidi, kisiwa au mitaa ya kale. Nikamwambia ni yule bwana anayetutembeza, anajua kumjali mtu.

"Aa, yule," akasema, akinipa risiti. "Wanawake wote husema hivyo."