Sauti Nne za Lupango Letu

Sisi tuliokulia mtaa wa Kamalondo enzi zile redio ya nyumbani ilikuwa moja na baba ndiye mwenye ruhusa ya kuigusa, tulilelewa kwa nyimbo za kanisa kama tulivyolelewa kwa bukari, ugali wetu. Mama hakuwa na saa jikoni. Alipoteleka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, kwenye mbabula, lile jiko letu la makala, alianzisha wimbo, na sombe iliiva kwa beti. Mayai yalitosheka na wimbo mfupi. Siku ya maharagwe tuliimba hadi midomo ikakauka, na makala yakianza kuzima ilibidi mmoja apulize huku wenzake wakimshikia sauti yake.

Kila mtu katika lupango letu, ua na nyumba yake, alikuwa na sauti yake. Mama soprano, dada yangu mkubwa tuliyemwita yaya Odette alto, baba besi. Mimi, sauti iliponibadilika, nikapewa tenori. Hukuchagua; ulipewa, kama unavyopewa jina. Noti tulifundishwa kwa mwiko: Mama aliuinua kwa ya juu, akaushusha kwa ya chini, na mvivu wa kusikiliza ulimfikia begani ukiwa bado na bukari. Hata wageni waliotuletea samaki kutoka Kilwa, ile ya ziwani kwetu, walijua: unasimama mlangoni, unangoja ubeti uishe, ndipo unabisha hodi.

Nilipokuwa chuo kikuu imani ikanitoka. Haikutoka kwa kishindo. Siku moja nilifumba macho kuomba, nikaona kwamba sisemi na mtu. Nilimficha Mama kwa muda, nikiogopa jambo moja tu: kwamba atanitoa kwenye wimbo. Mwishowe nikamwambia, akiwa anachagua maharagwe uani.

"Mama, mi siamini tena."

Aliendelea kuchagua, mawe huku, maharagwe kule.

"Bon. Mungu atajua namna ya kukufanya," alisema. "Lakini mi sina tenori ingine mu hii nyumba. Ikala, tuimbe."

Nikakaa, tukaimba. Mpaka leo watu huniuliza napata nini katika nyimbo za Mungu nisiyemwamini, na nashindwa kuwaeleza ile besi ya baba ilivyokuwa ikiingia chini yetu sote, kifua kikatetemeka kabla masikio hayajasikia. Sihitaji mbingu kwa hilo. Ninamhitaji baba, na baba alishatutoka.

Vijana wa leo, Mungu wao awasamehe, wana kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe na vipaza sauti vinavyosikika hadi Ruashi. Wote huimba sauti moja, na anayekosea anaongezewa mwangwi. Mara nyingine naingia kanisani, nakaa benchi la nyuma, nangoja besi iingie. Haiingii, natoka kabla ya mahubiri. Yaya Odette, muumini kutushinda sote, alihamia kanisa la uamsho na hataki tena nyimbo zetu. "Zile ni za kilio, hazina moto," anasema. Ajabu ya dunia hii: aliyeamini ameziacha, asiyeamini ndiye anayezililia.

Tumebaki wawili, Mama na mimi. Ananiambia bado ananiombea, namwambia asante. Jumapili iliyopita, alasiri, tulikaa barazani tukaanza wimbo aliokuwa akiupenda baba. Katikati ya ubeti wa pili kikohozi kikamkamata. Akanipungia mkono: endelea. Nikaendelea. Binti yangu, aliyekuwa na simu yake pembeni, akachomoa kisikizi kimoja sikioni.

"Papa, iyi ni mwimbo gani?"

Ameusikia tangu kuzaliwa. Lakini tenori ikiwa peke yake haitambulikani. Inapanda na kushuka kama mtu anayejibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Niliogopa nikinyamaza wimbo utakatika, nikaimba huku nikimtazama Mama ameshika kifua. Enzi zile nikipotea walikuwapo watatu wa kunirudisha. Sasa yuko mmoja, na nilikuwa namngoja apate pumzi.