Hofu ya Samli kwa Bibi Rampha Mpya

Samli, muuza wali wa ndizi soko la Petchaburi, hakuwahi kumhofia mtu kama alivyomhofia Chotika, mwigizaji mwenye uso wa kitoto na sauti ya kubembelezea wachanga. "Huyu ndiye Bibi Rampha?" aliuliza siku habari za filamu mpya zilipotoka. "Wangempa nafasi ya malaika, tusingegombana."

Bibi Rampha ndiye yule mwovu wa tamthilia ya Jumba la Asumini, iliyokuwa ikifungisha maduka ya mji mzima kila Ijumaa miaka thelathini iliyopita. Alimtoa yatima nyumba ya urithi mvua ikinyesha, akazitwaa funguo, kisha akalala kitanda cha marehemu mama wa mtoto huyo. Samli na dada yake Bunsi walimchukia kwa moyo mmoja, na chuki ile ilikuwa tamu, asikwambie mtu. Sasa watu wa Bangkok wameigeuza filamu.

Wala Samli hakujihofia yeye. Bunsi amepofuka, mwaka wa tatu sasa, na tangu hapo hukaa nyuma ya kibanda akifunga wali kwenye majani ya mgomba, maneno kayatia kufuli. Kilichobaki cha kumchangamsha ni hicho tu: kumsema Bibi Rampha. Filamu ikimharibia hicho, atabaki na nini?

Ilipofika mjini, Bunsi mwenyewe ndiye aliyesema, "Twende. Macho sina, masikio ninayo."

Walikwenda mchana. Saa mbili nzima Samli hakuangalia filamu, aliangalia uso wa dada yake. Bunsi hakucheka, hakuguna. Njiani kimya, nyumbani kimya. Samli alijilaumu sana kwa kutomkatalia.

Jumamosi asubuhi, soko limefurika, mwanamke mwenye kofia pana na barakoa akasimama kibandani.

"Naomba mafungu mawili, shangazi," alisema kwa upole, kama anayebembeleza mtoto.

Bunsi alikwisha kunyoosha mkono. Akaurudisha.

"Hakuna wali hapa."

"Mbona nauona, shangazi?"

"Huo ni wa wenye haya. Mtoto wa watu umemtoa nje na mvua ile, umelala kitanda cha mama yake, leo unautaka na wali wangu? Kamrudishie funguo zake kwanza."

Soko zima likageuka. Muuza samaki wa jirani akafunika kapu lake. "Na huku hununui, Bibi Rampha."

Samli alitamani ardhi ipasuke immeze. Akachukua mafungu mawili ampe mgeni na kumwomba radhi, Bunsi akamchapa mkono. "Muuzie huyo, halafu utafute pa kulala."

Mgeni akavua barakoa. Chotika mwenyewe, analia na kucheka kwa pamoja. Akaunganisha viganja, akainama mbele ya Bunsi hadi kofia ikaanguka.

"Asante, shangazi. Kila mtu ananiambia mimi ni mpole mno kumwigiza Bibi Rampha."

"Wajinga hao. Yule wa zamani alifoka, unamsikia anakuja, unakimbia. Wewe unabembeleza huku unaua. Wewe ndiye mbaya zaidi. Toka."

Chotika akaondoka mikono mitupu, anatembea kama aliyetoka kuvishwa taji.

"Sasa juzi mbona ulinyamaza, dada?" Samli akauliza.

"Ningefungua kinywa ningemtukana mbele za watu," Bunsi akasema. "Kesho tunarudi sinema. Kaa karibu unizibe mdomo."