Bangili na Dira ya Baba

Tulikuwa wanne kwenye nyumba za askari, Luzira: baba yangu Okot, mama Auma, kaka yangu Ojok, na mimi. Leo mjukuu wangu ananifundisha kutumia kifaa cha GPS kutafuta kopo alilolificha, na mkanda wa kifaa hicho uliolowa jasho unanuka kama ule wa dira ya baba.

Siku moja utotoni baba alificha biskuti upande wa kaskazini, akanipa dira nifuate mshale wake nizipate. Mshale ukavutwa na mkono wangu.

“Kwani umezificha mkononi?” Ojok akacheka.

Kumbe ni bangili ya chuma aliyonivisha mama, ya kunikinga na mabaya. Hakutaka ivuliwe. Baba akaivua, akaifumba kiganjani.

“Nenda, mwanangu. Nitakulinda mimi mpaka urudi.”

Nilirudi na biskuti, nikamkuta amesimama palepale. Kama alikaa chini nilipokuwa sipo, anayekumbuka anisahihishe.