Jina Moja, Kiti Kimoja

Kazi yangu ni kusimama kwenye geti la ukumbi wa sherehe, mtaa wa Bel-Air, nikiwa na simu mkononi. Mgeni ananionyesha mwaliko kwenye simu yake, mimi naelekeza yangu juu ya ile alama ya QR, kile kisanduku cha vidoa vyeusi, na kioo kinanijibu. Kikiwa kijani, kinanipa jina lake na meza yake, anapita. Kikiwa chekundu, maana yake kuna aliyekwisha kuingia na mwaliko ule, na huyu wa pili haingii. Nimewarudisha watu wengi. Nimemrudisha mama mmoja mwenye zawadi kichwani, akaenda kukaa juu ya jiwe ng'ambo ya barabara mpaka mwanawe alipotoka kumtafuta.

Kosa lao karibu wote ni lile lile. Zamani mwaliko ulikuwa karatasi. Ulikaa juu ya televisheni mwezi mzima, umeegemezwa kwenye maua ya plastiki, ili kila anayeingia ajue kwamba watu wa nyumba hii wanaalikwa mahali. Siku hizi televisheni hiyo ni statut ya simu, ambayo kila mwenye namba yako anaiona. Mtu anaweka mwaliko wake pale, QR ikiwa wazi, na anayeutaka anauchukua. Kila Jumamosi nilikuwa nawaambia: "QR haiko ya kuonyesha. Iko ya kuingilia."

Mama yetu alitangulia kufa. Baba alimfuata nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Tulibaki wanne, mimi mkubwa, na wa mwisho msichana ambaye bado alikuwa analala na kidole mdomoni. Mdogo wake baba alikuja kwenye kilio kutoka Lukafu. Mimi nilipewa jina lake nilipozaliwa, lote, la kwanza mpaka la mwisho. Kwetu mtu uliyepewa jina lake ni majina yako, na hamwitani kwa namna nyingine. Siku ya kuondoa matanga wazee waliuliza watoto watakwenda na nani. Baba mdogo alinitazama, akacheka kidogo.

"Majina yangu iko mukubwa sasa," alisema. "Ataangalia benzake."

Alirudi Lukafu na baiskeli ya baba. Wiki iliyofuata sikwenda shule. Nilikwenda kwenye depo ya unga kubeba mifuko, na nilibeba mifuko miaka mingi kabla ya kupata kazi hii ya geti. Aliyetusaidia ni mama mdogo, ndugu wa mama, anayelima Kasungami, nje ya mji. Alikuwa anakuja na matembele na mahindi yake kichwani, anatupikia bukari, yaani ugali, anaosha sufuria, anaondoka bila maneno. Wadogo zangu walisoma. Yule wa mwisho alimaliza uuguzi, akapata mchumba, mtoto wa wafanyabiashara wenye asili ya Kasai, watu wanaotaka kila kitu kiende kwa utaratibu.

Aliniomba jambo moja tu, akiniita yaya, kaka mkubwa, kama alivyozoea.

"Yaya, kwenye meza ya bazazi, upande yetu bameweka biti bibili bya kukaa. Kimoja cha mama mudogo, kimoja cha weye. Wakati bataita baba ya bibi harusi, weye njo utasimama. Sitaki kuona muntu mwingine pale."

"Nitasimama," nilimwambia.

Mwaliko uliponifikia niliufungua nikiwa kazini, pale pale getini. Jina langu lote, na chini yake: meza ya wazazi. Harusi ilikuwa katika ukumbi wetu ule ule, ambamo sikuwahi kuwa mgeni. Nikauweka kwenye statut. Sikuficha QR. Mimi, ambaye ninawasema watu kila Jumamosi, sikuwaza hata kidogo. Watu wachache walinipongeza. Baba mdogo naye aliandika maneno mawili ya pongezi: "Majina, felisitasio." Nilimjibu asante.

Siku ya harusi mwenzangu wa kazi, dada mmoja mcheshi anayeniita chef, yaani mkubwa wake, alishika geti peke yake. Mimi nilikwenda Kasungami kumchukua mama mdogo. Mvua ilikuwa imeharibu njia, tukatembea sehemu ndefu kwenye tope, viatu vyake vya sherehe vikiwa ndani ya mfuko. Tulifika Bel-Air saa kumi na nusu. Alinawa miguu kwenye bomba la getini, akavaa viatu, akanyoosha simu. Kijani.

Nikanyoosha yangu.

"Chef, leo umekuwa mugeni, utanunua Fanta," dada yule alisema akicheka. Halafu akaacha kucheka. "Iko nyekundu."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu mara mbili. Inasema ulishaingia."

"Mimi?"

"Kuko muzee mumoja, koti ya kahawia. Jina ilikuwa ile yako. Nikasema, pengine bamekosea jina, nikamuomba kadi ya kupiga kura. Ilikuwa jina moja, herufi kwa herufi. Akasema: mimi njo baba ya bibi harusi."

Sikuweza kumlaumu. Alifanya kama nilivyomfundisha.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Kutoka getini nilimwona baba mdogo kwenye meza ya wazazi, amekaa wima, mikono juu ya kitambaa cheupe. Kiti cha pili kilikuwa kinamngoja mama mdogo.

"Ingia, umutoe," mama mdogo aliniambia.

"Mbele ya bakwe?"

"Basi nitamutoa mimi."

"Mama, hapana. Batasema nini juu ya mutoto wetu?"

Dada wa geti alinong'ona kwamba mlango wa jikoni hauna QR, nipitie huko. Lakini jikoni kungenifikisha ndani tu, hakungenipa kiti. Na ndugu wawili kugombania kiti mbele ya wakwe ni jambo ambalo mdogo wangu angekumbushwa maisha yake yote katika ile nyumba. Nilimwambia mama mdogo aende akae. Alikwenda. Nilimwona anavuta kiti chake mbali kidogo na cha baba mdogo, kisha anakaa bila kumsalimu.

Wageni walikuwa bado wanafika, msururu ulikuwa mrefu. Nikachukua simu ya pili ya geti, nikaanza kupitisha watu nikiwa na suti yangu.

Mshereheshaji aliwaita wazazi wa bwana harusi. Halafu akamwita baba wa bibi harusi, na jina lililotoka kwenye spika lilikuwa langu, lote. Miguu yangu ilishtuka yenyewe. Ndani, baba mdogo alisimama. Alipewa maikrofoni.

"Huyu mutoto nilimulea kwa nguvu yangu," alisema. "Bakwe, mumuchunge."

Watu walipiga makofi. Mdogo wangu hakupiga. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku, meza kwa meza, shela yake ikimsumbua.

Saa kumi na mbili walitoka kupiga picha. Alipofika getini aliachia mkono wa mume wake.

"Yaya, balikuita."

"Nilisikia."

"Juu ya nini haukusimama?"

Nilifungua mwaliko kwenye simu yangu, nikauelekezea simu ya geti mbele yake, kioo kikawa chekundu. Alisoma jina, akasoma saa. Alikuwa mmoja wa wale waliouona kwenye statut. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kunitumia alama ya moyo.

"Kumbe," alisema.

Alikusanya nguo yake ili isiguse tope, akaenda kwenye picha.

Jumatatu nilifunga orodha ya harusi ile, kama ninavyofunga zote. Ninapitia majina, naweka alama kwa waliokosa kuja. Kwenye meza ya wazazi hakuna aliyekosa. Jina langu lina kijani. Sikulifuta, maana kwa kanuni ya geti hakuna kosa: mwaliko mmoja, jina moja, mtu mmoja aliingia.