Nyati Niliyemwita kwa Jina

Nakumbuka siku niliyomvika mtoto wa nyati ngozi ya ndama wa ng'ombe, na laiti mikono hii ingepooza kabla ya siku hiyo. Ngoja nikae vizuri, mjukuu wangu, mgongo wangu hauniruhusu kusimulia nikiwa nimesimama. Nimesikia umemleta mtoto wa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, kutoka porini, umemfunga nyuma ya jiko, na unawaambia wenzako utamfuga mpaka akupe maziwa. Maafisa wa wanyamapori wana maneno yao juu ya jambo hilo, watakuambia wenyewe. Mimi nina langu moja, na sijawahi kulisema lote mbele ya mtu.

Wakati huo Waingereza ndio waliotutawala. Nilikuwa kijana niliyeoa karibuni, naishi kwa baba yangu, Wambura, upande wa Buswahili, karibu na matete ya mto Mara. Mke wangu aliitwa Nyangeta, binti wa kutoka Suguti, aliyebatizwa misheni. Alikuwa na kicheko kikubwa, akicheka uani baba yangu ndani ya nyumba anajifanya kukohoa. Nilikuwa pia na plau niliyoinunua Musoma na maksai wawili wa kuivuta. Ugonjwa wa mbung'o ukawamaliza wote wawili kwa msimu mmoja. Walikonda, macho yakawatoka machozi, wakalala chini wasiinuke tena. Plau ikabaki inashika kutu ukutani, nami nikarudi kwenye jembe la mkono huku majirani wakinipa pole na kucheka pembeni.

Basi akaja bwana mifugo, Mzungu mmoja mrefu, kuchanja ng'ombe. Kupitia mkalimani wake alituambia kwamba nyati huumwa na mbung'o kila siku na hafi. Tena akasema hata hawa ng'ombe wetu hapo zamani walikuwa wanyama wa porini, watu wakawafuga. Aliyasema hayo akinawa mikono, akapanda gari, akaenda zake. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Nilijiuliza, kama watu wa zamani waliweza, mimi nina kasoro gani?

Haukupita mwezi, wawindaji wa kwetu wakaua nyati jike kwenye matete, na mtoto wake akabaki amesimama kando ya mzoga. Niliwaomba wanipe. Walicheka sana, wakanipa. Na wiki hiyohiyo ndama wa ng'ombe wetu Nyamweru alikuwa amekufa, na Nyamweru amegoma kabisa kukamuliwa. Unajua tunavyofanya: ng'ombe akifiwa, ngozi ya ndama wake huwekwa, naye akiinusa maziwa hushuka. Niliichukua ngozi ile, nikaipaka chumvi, nikamfunga nayo mtoto wa nyati mgongoni. Nyamweru alinusa, akalamba chumvi, akatulia. Mtoto wa nyati akanyonya. Nyangeta alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Baba alikuwa ameegemea mlango wa zizi. "Umemdanganya ng'ombe," akasema. "Angalia usije kujidanganya na wewe."

Nilimwona mzee wa mambo ya kale. Tulimwita yule mnyama Karani, kwa kuwa hakuwa na haraka na hakuitikia salamu ya mtu yeyote. Lakini jina lake alilijua upesi, na ukimwita alikuja. Nyangeta ndiye aliyempa pumba na magadi, ndiye aliyemtoa kupe masikioni, na Karani alimfuata mpaka kisimani. Mimi nilimkuna chini ya shingo kila jioni, naye alinyoosha kichwa na kufumba macho. Watu walitoka mbali kuja kumtazama, na nisikufiche, nilijiona mkubwa kuliko chifu.

Alipokomaa nilikwenda Bunda kutafuta hatamu. Palikuwa na fundi wa ngozi, Mwislamu mmoja mzee aliyeitwa Saidi, mtu mtaratibu na mtani. Alipima kamba kwenye mkono wake, kisha akaniuliza, "Mimi nashonaga hatamu za punda, na punda wote wa hapa nawajuaga mpaka mama zao. Huyu wako, mama yake alikuwa mpole?"

"Mama yake aliuawa porini," nikamjibu.

"Kwa hiyo humjui," akasema, akaendelea kushona. Nilicheka njia nzima nikirudi.

Mwaka huo Karani aliivuta plau. Alilima nusu siku tu, akagoma, lakini ile nusu siku ilinitosha. Kila aliyenicheka alikuja kusimama kwenye mpaka wa shamba langu. Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi kupita kiasi.

Asubuhi moja baada ya hapo Nyangeta aliinama kummiminia pumba. Karani akageuza kichwa, akampiga pembe la ubavuni, akamtupa kwenye ua. Kibuyu cha pumba kilivunjika, mbavu zikamvimba. Sasa sikiliza vizuri, maana kosa langu liko hapa. Katika mji wetu, mnyama aliyempiga mtu pembe hakuachwa alale. Alichinjwa siku hiyohiyo, hata awe na maziwa ya kujaza nyumba, na ndama wake hakubakizwa kwa mbegu. Kwa macho yangu nilikuwa nimemwona baba akimchinja ng'ombe wake bora kwa sababu alimsukuma mama ukutani. Sheria hiyo niliijua tangu utoto.

Nilimwinua Nyangeta, nikamwambia, "Usimwambie baba. Alikuwa anachezaga tu."

Alinitazama akiwa ameshika ubavu. "Anachezaga na nani, Magesa? Mimi nina pembe?"

Kisha akaitazama plau iliyokuwa ukutani. Alijua ile plau ni nini kwangu. Baba alipomuuliza kwa nini anatembea amejikunja, alisema aliteleza kisimani. Alinifichia, kwa sababu nilimwomba na kwa sababu alinipenda. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba kuanzia siku hiyo pumba nipeleke mimi.

Nilipeleka mwezi mmoja hivi. Halafu nikachoka, nikaanza kusema moyoni kwamba ameshatulia. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa uani natia mpini kwenye mkuki, Nyangeta akaniambia Karani hajala. Sikuinua hata macho. Nikamwambia, "Mpelekee tu, ameshazoea."

Akaenda. Nilisikia ua ukivunjika, nikainua macho, nikamwona Karani amembana pale kwenye miti ya ua. Kati yangu na wao hazikuzidi hatua kumi, na mkuki ulikuwa mkononi mwangu. Unajua nilifanya nini? Nilimwita. Nilisimama pale nikaita, "Karani! Karani!" Nilingoja asikie. Nikaita tena. Alikuwa analijua jina lake, nami niliamini ataacha. Baba alitoka nyumbani bila fimbo, mbio na uzee wake, akipiga kelele, "Mkuki, Magesa! Mkuki!" na mimi bado naita.

Akaacha alipotaka mwenyewe. Aligeuka, akaja kwangu polepole kama kila jioni, akasimama mbele yangu akanyoosha shingo nimkune. Pembe lake la kulia lilikuwa na damu. Macho aliyafumba. Niliingiza mkuki palepale nilipozoea kumkuna, naye hakurudi nyuma mpaka chuma kilipoingia.

Nyangeta aliishi mpaka jua lilipoinama. Tulimlaza kivulini kando ya ghala, mama akimpepea kwa upande wa kanga. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja kwa sauti ndogo, "Ulishamwambia baba? Ile ya kwanza?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijamwambia. Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu, na lilikuwa uongo.

Baada ya kumzika nilimwambia baba yote. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Akasema, "Unafikiri ng'ombe walifugwa na mtu mmoja mwenye huruma? Walifugwa na watu wengi, hata majina yao hatuyajui. Kila mmoja alichinja mkali, akaacha mpole azae. Na kati ya watoto wa yule mpole, mkali akachinjwa tena. Nyamweru ametoka kwa wapole watupu, na bado akizaa simpi mgongo. Wewe ulikuwa na mmoja tu, tena hukutaka kumchinja alipokuonyesha ukali wake. Yule alikuwa amekuzoea, Magesa. Hakuwa amefugwa."

Hakulizungumzia tena mpaka alipokufa. Nyama ya Karani hatukuila, tuliizika. Plau nilimpa mtu wa Kitaji, kule Musoma, aliyekuwa anapita, sikumuuliza jina.

Baadaye nilioa tena, ndiyo maana ninyi mpo. Bibi yako alikuwa mwanamke mwema na alijua habari hii, isipokuwa ule uongo wa kivulini. Huo leo nimekupa wewe, nawe nenda nao taratibu.

Sasa nikuase. Mnyama wa porini akikulamba mkono, amekuzoea wewe kwa siku hiyo. Kumfuga ni kazi ya watu wengi walioishi na kufa, na nguzo ya kazi hiyo ni kuwa tayari kumwondoa unayempenda siku ileile anapomuumiza mtu. Kama moyo huo huna, na mimi sikuwa nao, usianze. La pili ndilo kubwa kwangu: ukikosea, mwambie mkubwa wako kabla jua halijazama, na usimwombe anayekupenda akufichie. Ukimwomba atakubali, maana anakupenda, na wa kuumia atakuwa yeye. Basi inuka, kamfungue yule pofu, mpeleke kwa hao maafisa ungali na mikono salama. Wakikugombeza, nyamaza.

Njoo kwanza nikushike kichwa. Mungu akupe ng'ombe wapole na mvua ya wakati wake. Akupe mdomo mwepesi wa kusema kweli nyumbani kwako. Akupe mke mwenye kicheko cha kusikika mpaka nje, na kicheko hicho, mwanangu, akuachie mpaka uzeeni.