Punje za Chuma na Majembe ya Bisibo

Siku yangu ya kwanza karakanani Rusumo, fundi mkuu hakunipa nyundo. Alinipa vipande viwili vya springi ya lori, akaniambia nitazame palipokatika. Kimoja kilikuwa laini kama unga wa muhogo. Kingine kilimetameta punje kubwa kama chumvi ya mawe.

"Vimetoka kwenye springi moja, binti," alisema. "Hiki cha pili kilipikwa mno."

Nilimsumbua kwa maswali juma zima mpaka nikaelewa. Chuma kimejengwa kwa punje, na kinapopinda, tabaka huteleza ndani ya punje mpaka zizuiwe na mpaka wa punje jirani. Punje ndogo zina mipaka mingi, kwa hiyo chuma hukaza na bado huvumilia. Moto mkali ukikaa sana, punje hukua, na chuma huvunjika ghafla. Mchanganyiko nao una kazi yake: kaboni hukipa ugumu, metali za manganizi na kromu husaidia ugumu huo ufike mpaka kiini.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Biharamulo kusimamia ufuaji wa majembe. Wanunuzi wetu kule waligonga jembe kwa jiwe na kusikiliza mlio kabla ya kulichukua. Nami kwa kiburi nikayapika mpaka rangi ya njano, nikidhani yatalia zaidi. Nilisahau kwamba mlio hufichua ufa, haufichui punje.

Mvua za kwanza ziliponyesha, bibi mmoja mkulima alikuja kutoka Bisibo na jembe lililokatika shingoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaliweka juu ya fuawe tunalofulia chuma. Mbegu za maharage zilikuwa tayari, alisema, na shamba lilikuwa limelimwa nusu. Nilipoziona punje zile kubwa, niliona aibu. Meneja wa karakana alisema yaliyouzwa yameuzwa. Nilimjibu kwamba msimu wa watu wale ukipotea, ni mkono wangu ulioupoteza. Kwa siku nne nilizunguka Bisibo nyumba kwa nyumba nikiyakusanya majembe yale. Niliyapasha mpaka wekundu tu, nikayaacha yapoe hewani ili punje zizaliwe upya zikiwa ndogo, kisha nikayapasha tena yawe mekundu, nikayazamisha kwenye mafuta, na mwisho nikayapasha kidogo ili yasivunjike upesi. Badala ya yaliyokatika nilifua mapya.

Bibi aliporudi, hakugonga.

"Mwanangu, vunja moja nione ndani," alisema.

Nilikaza moja kwenye meno ya jiliwa mezani, nikalipiga nyundo. Lilipinda, nikalirudisha, likapinda tena, jasho likanitoka, ndipo likakatika. Alipitisha kidole gumba palipokatika, akachagua la kwake, akaondoka kuiwahi mvua.

Nimestaafu sasa. Vijana wa fani hii hunieleza kuhusu aloi mpya zinazochanganya metali tano au zaidi kwa viwango vinavyokaribiana, ambamo atomu za ukubwa tofauti huufanya utelezi ule wa tabaka uwe mgumu. Nafurahi kusikia. Lakini nikiwauliza punje za aloi hizo zikoje, wengine hurudi kunitajia viwango vya mchanganyiko. Nami huwaambia: mchanganyiko mzuri ukipikwa vibaya utawasaliti vilevile. Vunjeni kifaa cha kwanza wenyewe, mbele ya mtu atakayekitumia, kabla hakijamvunjikia shambani.