Mhudumu wa wazee anayejipangia shahada ya mazuku

Saa moja na robo asubuhi, kiza cha Januari bado kimeilalia Spånga, kitongoji cha Stockholm, Sweden. Orpha Kavira anakung'uta theluji viatuni, anafungua mlango kwa ufunguo wa kazini na kuita kwa Kiswidi, "Gunvor, ni mimi!" Sauti ya bibi wa miaka tisini na mmoja inamjibu kutoka chumbani kwamba ameshaamka zamani.

Orpha anapiga magoti na kumvisha soksi za kubana miguu, kisha anakoroga uji wa shayiri na kumtengea vidonge vyake. Ana dakika thelathini na tano. Akitoka hapa atatembea dakika kumi na mbili hadi kwa mzee mwingine, na njiani atasikiliza mhadhara wa jiolojia kwa simu.

"Watu wananiambia sina muda wa kusoma," anasema. "Muda ninao. Uko vipande vipande tu."

Orpha, 41, mzaliwa wa Goma, mashariki mwa Kongo, anaishi Akalla, mtaa wa jirani, na binti yake Raïssa. Anahudumia wazee majumbani kwa robo tatu ya saa za kazi. Saa zinazobaki anasomea shahada ya kwanza ya sayansi ambayo hakuna chuo kilichomwandalia. Ameipanga mwenyewe, kozi moja moja.

Chanzo chake ni msiba. Mwaka 2001 dada yake mkubwa, Adrienne, aliteremka asubuhi kwenye bonde dogo la mawe ya volkano kukata majani ya mbuzi. Hakupanda tena. Walimkuta amelala kama mtu aliyepitiwa na usingizi, hana jeraha, na mbuzi mmoja amekufa ubavuni pake.

Watu wa Goma huiita hewa hiyo mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito, hutuama mabondeni bila rangi wala harufu. Lakini siku ile mtaani hakuna aliyetaja hewa. Walimtaja jirani, mjane aliyeitwa Mama Concessa, kwamba ndiye aliyeroga. Matanga hayajaisha, nyumba yake ilikuwa imebomolewa na mwenyewe amefukuzwa.

"Na mimi nilikuwapo," anasema Orpha. "Nilibeba jiwe. Sikulitupa, lakini nililibeba."

Aliingia Sweden kama mkimbizi mwaka 2010. Kwa miaka mingi hakulizungumza jambo hilo na mtu. Kisha, majira ya baridi ya 2019, akiwa anafuta vumbi sebuleni kwa Gunvor, alikuta kidude cheusi cha plastiki kwenye rafu.

"Kiache hapo hapo, kinapima hewa," Gunvor alimwambia.

"Hewa gani?"

"Radoni. Inatoka kwenye mwamba chini ya nyumba. Ukiivuta miaka mingi inaweza kukupa saratani ya mapafu."

Orpha alibaki ameshika kitambaa. "Hata kwetu ardhi inatoa hewa," alisema. "Ila ya kwetu haisubiri miaka."

"Sasa mbona hamuipimi?"

Swali hilo alitoka nalo. Mwaka uliofuata alijiandikisha shule ya watu wazima kusoma hisabati, fizikia na kemia za sekondari, na mwaka 2022 akaanza chuo kikuu.

Huko alikuta kila mlango una mwenyewe. Wa jiolojia walifundisha miamba, mapafu hayawahusu. Wa fiziolojia walifundisha mapafu, miamba si kazi yao. Orpha aliandika mpango wa kugawa sawasawa jiolojia, kemia na fiziolojia, akampelekea mshauri wa masomo.

"Hili ni kapu la kozi," mshauri alimwambia. "Shahada inajengwa kwa alama 180 za kozi, na nusu yake lazima iwe somo moja kuu."

Alirudi Akalla amenuna. Raïssa, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, alimuuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake, "Kwani mama, unataka kujua nini hasa?"

Orpha alimjibu kwa Kiswahili. "Nataka kujua ile hewa inaingiaje nyumbani, na mtu ataijuaje kabla haijamwangusha."

"Basi andika hivyo hivyo."

Akaandika hivyo hivyo, juu kabisa ya karatasi mpya. Chini yake akapanga jiolojia alama 90, kemia 45, fiziolojia 30 na takwimu 15, na kando ya kila kozi akaeleza inajibu kipande gani cha swali. Mshauri aliisoma mara mbili. Safari hii alichukua kalamu, akamrekebishia mpangilio tu.

Njia haikunyooka kwa hilo. Mtihani wa kemia alianguka mara mbili. Mwalimu wa fiziolojia alimkataa kwa kuwa hakuwa amesoma biolojia ya kutosha. Orpha alimwandikia barua tatu. Baada ya ya tatu mwalimu alikubali kumpa mtihani wa kumpima, naye akajiandaa wiki sita. Alifaulu.

"Voilà!" anacheka. "Kwenye pumzi za wazee nilikuwa nimeshayasoma mapafu kabla ya kufungua kitabu."

Sasa ana alama 105. Imebaki mihula mitano. Msimamizi wa utafiti wake wa mwisho anataka aanze na vyumba vya chini ya ardhi ishirini hapa Stockholm. Orpha amekubali. "Nikijua kupima hapa, ambako hewa inaua polepole, nitajua kupima kule inakoua haraka."

Kule ni pembezoni mwa Goma. Hali ya vita inaweza kumzuia kufika, kwa hiyo amekubaliana na binamu yake, Vainqueur, mwalimu wa sekondari huko Goma, kwamba ikibidi yeye ataweka vipimo majumbani na Orpha atachambua takwimu akiwa huku. Vainqueur ameshazunguka na daftari. Kaya arobaini zimejiandikisha.

"Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimesoma nini," anasema Orpha, akifunga zipu ya koti kwenda kwa mzee anayefuata. "Wote wanauliza mnakuja lini. Nimewajibu: Juni, 2028, nikishamaliza."